Kabla hujabonyeza selfu, mjue mzee Soichiro Honda

Ukishuka matatu pale Shianda saa kumi na mbili asubuhi, kwenye barabara ya kutoka Kakamega kwenda Mumias, sauti ya kwanza utakayosikia si ya jogoo. Ni kiki. Vijana wa boda wamepanga nduthi zao mstari mmoja, viti bado vina maji ya mvua ya usiku, na kila mmoja amesimama kando ya chombo chake akipiga teke. Mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, injini inakohoa, inashika. Halafu kuna yule mmoja mwenye pikipiki mpya. Amekaa tu juu yake kama bosi, anabonyeza kitufe kwa kidole gumba, injini inaitika. Wenzake wanamcheka ati ni mvivu. Ngoja betri yake ianze kuchoka. Utamkuta naye amesimama anapiga teke kama wengine, na hapo ndipo kicheko huwa kikubwa zaidi.

Kwa wewe wa mjini ambaye kiki kwako ni staa anayetafuta jina mitandaoni, tuelewane mapema: hapa kiki ni kile chuma cha pembeni cha kuwashia injini kwa mguu, na selfu ni stata ya umeme.

Ubishi huu wa kiki na selfu haukuanza Shianda, na si wa mzaha vile unavyodhani. Umewahi kuwa sehemu ya vita vilivyomaliza viwanda vya pikipiki vilivyosifika dunia nzima. Katikati ya vita hivyo kulikuwa na jamaa mmoja ambaye jina lake umelisoma mara elfu kwenye matangi ya mafuta na labda hukuwahi kufikiri kwamba ni jina la mtu. Soichiro Honda. Acha nikusimulie.

Alizaliwa tarehe 17 Novemba 1906 katika kijiji cha Komyo, karibu na mji wa Hamamatsu, Japan. Baba yake, Gihei, alikuwa mhunzi aliyekuja kuongeza kazi ya kutengeneza baiskeli. Mama yake, Mika, alikuwa mfumaji. Kijiji cha kawaida tu, watu wa kawaida, hakuna shamba kubwa wala mjomba serikalini.

Siku gari la kwanza lilipopita kijijini kwao, Soichiro mdogo alilikimbiza. Lilipoacha tone la oili chini, aliinama akainusa, akajipaka mikononi. Mwaka wa 1917 rubani Mmarekani, Art Smith, alikuja kuonyesha michezo ya ndege Hamamatsu. Soichiro aliichukua baiskeli ya baba yake bila ruhusa akaenda. Baiskeli ilikuwa kubwa kwake, hafikii kiti, kwa hivyo akapitisha mguu katikati ya fremu akakanyaga hivyo hivyo hadi mjini. Ikiwa ulikulia Magharibi unaijua hiyo staili. Kila mtoto aliyejifunzia kwenye Black Mamba ya babu yake aliendesha hivyo, mwili umepinda kama alama ya kuuliza. Alipofika hakuwa na pesa za kutosha za kiingilio. Akapanda mti, akaitazama ndege kutoka juu.

Shuleni hakuwa mtu wa vitabu. Ripoti za muhula zilipaswa kurudishwa zikiwa na mhuri wa familia, na zake hazikuwa za kumwonyesha baba. Basi akachonga mhuri wake mwenyewe kwa raba ya pedali ya baiskeli. Ulifanya kazi vizuri kiasi kwamba akaanza kuwachongea wenzake. Hapo ndipo alipojichoma: jina Honda kwa maandishi ya Kijapani linafanana kushoto na kulia, kwa hivyo hakuwa amegundua kwamba mhuri huchongwa kinyume. Ya wenzake ilitoka imegeuka, akashikwa.

Akiwa na miaka 15, mwaka wa 1922, alienda Tokyo kufanya kazi kwenye gereji iliyoitwa Art Shokai. Unafikiri alipewa spana? Alipewa mtoto wa mwenye gereji ambebe mgongoni. Kwa miezi kadhaa kazi yake ilikuwa kulea na kufagia huku akichungulia mafundi. Kisha tarehe 1 Septemba 1923 likapiga tetemeko kubwa la Kanto, mji ukashika moto. Mafundi wengi wakarudi makwao. Yeye akabaki, na kwa kuwa mikono ilikuwa michache, hatimaye akawa fundi wa kweli. Mwaka wa 1928 mwenye gereji alimruhusu afungue tawi Hamamatsu. Alikuwa na miaka 21.

Alipenda pia mashindano ya magari. Mwaka wa 1936 akiwa kasi katika uwanja wa Tamagawa, gari lake liligongana na jingine, akarushwa nje, akaumia vibaya usoni na mkononi. Mwaka mmoja kabla ya hapo alikuwa amemwoa Sachi, mwanamke ambaye nitarudi kwake, kwa sababu bila yeye story hii ina tundu.

Sasa kuna sehemu ambayo sisi tulioacha chuo hupenda kuisimulia vibaya. Niliacha chuo mwaka wa pili, na sijui ni mara ngapi nimetumiwa jina la Honda kama dawa ya kunituliza: si unaona, hata Honda hakuwa na cheti. Nikaamua kuisoma mwenyewe. Mambo yalikuwa hivi. Baada ya gereji alitaka kutengeneza ringi za pistoni. Alihangaika miezi mingi usiku na mchana na hazikutoka sawa, zinavunjika tu. Mwishowe alikubali kwamba hajui anachofanya. Akaenda kwa mhadhiri wa chuo cha ufundi cha Hamamatsu, akaambiwa chuma chake kina upungufu wa silikoni, kitu ambacho hakuwahi kukisikia. Basi mtu mzima, ana mke, ana wafanyakazi, akaingia darasani kukaa na vijana. Alisikiliza masomo yaliyohusu shida yake tu, mitihani akaikataa, na alipoambiwa hatapata cheti hakujali. Alicheka kwamba tiketi ya sinema ina faida zaidi, maana angalau inakuingiza mahali.

Kwa hivyo ndiyo, hakupata cheti. Lakini alirudi darasani kwa sababu ringi zilikuwa zinavunjika. Hicho kipande huwa hakisimuliwi.

Hata baada ya darasa haikuwa mteremko. Alipopeleka ringi 50 kwa Toyota zikaguliwe, zilizopita zilikuwa 3. Alizidi kurekebisha hadi zikakubaliwa, na kampuni yake, Tokai Seiki, ikakua. Vita vikaja. Wanaume wakachukuliwa jeshini, kiwanda kikajaa wanawake na wasichana ambao hawakuwa wamewahi kugusa mashine. Honda alibuni mashine za kujiendesha ili mtu asiye fundi aweze kutengeneza ringi. Kumbuka hilo, kwa sababu ndilo wazo lile lile lililokuja kuzaa selfu: usimlazimishe mtu abadilike ili atumie chombo, badilisha chombo.

Mabomu ya Marekani yaliharibu kiwanda kimoja. Tetemeko la Januari 1945 likaangusha kingine. Vita vilipokwisha aliiuzia Toyota kilichobaki kwa yeni 450,000, kisha akakaa karibu mwaka mzima bila kazi ya maana. Alinunua dramu ya alkoholi akawa anapikia marafiki kinywaji. Sisemi ujaribu.

Mwaka wa 1946 Japan ilikuwa kama mtu aliyeamka baada ya ajali. Treni zimejaa hadi madirishani, petroli hakuna, watu wanaendesha baiskeli mbali kutafuta chakula, Sachi akiwa mmoja wao. Honda alipata injini ndogo za jeshi zilizokuwa zikitumika kuwasha mitambo ya redio. Akafunga moja kwenye baiskeli. Hakuwa na tangi, kwa hivyo akachukua chupa ya maji moto ya kupashia kitanda, ya pale nyumbani, akaifanya tangi. Aliyepewa kazi ya kuipitisha mjini ili watu waone alikuwa Sachi. Akapita nayo barabarani, akarudi nguo zake nzuri zimeloa mafuta yaliyorushwa na kabureta, akamwambia mumewe wazi wazi kwamba chombo hicho hakifai kuuzwa hivyo. Honda akarekebisha. Injini zile 500 hivi zikaisha haraka, wateja wakaendelea kuja, ikabidi atengeneze yake.

Boda boda yetu ilianza karibu hivyo hivyo, kwa baiskeli, huko Busia mpakani, mwendo mfupi tu kutoka Shianda, watu wakivushwa kwenye keria pamoja na mizigo. Injini zilikuja baadaye.

Tarehe 24 Septemba 1948 ikazaliwa Honda Motor. Mwaka uliofuata ikatoka pikipiki kamili ya kwanza, Dream D, na akajiunga Takeo Fujisawa, mtu wa pesa na mauzo. Honda alikuwa fundi mwenye hasira. Ukikosea kazi, spana inaweza kukufuata hewani. Wafanyakazi walimbandika jina la radi. Leo tungemwita mdosi mbaya na tusingekosea. Fujisawa ndiye aliyemfanya akae kwenye barabara.

Ni Fujisawa aliyemsukuma kutengeneza pikipiki ya mtu wa kawaida. Ikatoka mwaka wa 1958: Super Cub, 50cc, ya kupitisha mguu katikati bila kuurusha juu, na klachi ya kujiendesha ili kijana wa kupeleka tambi aendeshe kwa mkono mmoja, sinia likiwa kwenye mkono mwingine. Mwaka wa 1960 ikatoka ya stata ya umeme. Kufikia 2017 zilikuwa zimetengenezwa zaidi ya milioni 100. Hakuna chombo cha injini kilichotengenezwa kwa wingi kuliko hicho.

Lakini selfu kwenye kipikipiki cha 50cc haikumshtua mtu. Hicho hata mtoto anaweza kukipiga teke. Shida ilikuwa kwenye mashine kubwa, na hapa naomba ukae kitako, kwa sababu ukizoea kiki ya Boxer utadhani unajua kiki.

Chukua BSA Gold Star ya miaka ya 1950, silinda moja ya 500cc. Hiyo pistoni ni kubwa kama kikombe cha uji, na hewa iliyobanwa juu yake haitaki kupita. Kwanza unafungua petroli. Unabonyeza kidude cha kabureta hadi mafuta yachuruzike kidoleni. Unasukuma kiki taratibu hadi mguu uhisi ukuta: pistoni imefika juu, imegoma. Unashika kidude cha kuachilia valvu, unaipitisha kidogo tu kutoka kwenye ule ukuta, unaachilia kidude, unarudisha kiki juu. Halafu unasimama na kuishukia na uzito wako wote, hadi chini kabisa, bila huruma. Ukifanya nusunusu, cheche inawaka pistoni kabla haijafika juu, injini inazunguka kinyume, na kile chuma kinarudi juu kikiwa na nguvu ya petroli. Kinapiga muundi. Kinapinda kifundo cha mguu. Kuna watu waliovunjika. Sasa fikiria injini imezima katikati ya magari, ni ya moto, inakataa, na madereva nyuma yako wanapiga honi.

Ndiyo maana wenye pikipiki kubwa waliifanya kiki kuwa cheo. Anayeiweza ni mwanamume, asiyeiweza apande basi. Mtu mwepesi, mtu mfupi, mwenye goti bovu, wanawake wengi, wote walikuwa wamefungiwa nje, na waliokuwa ndani hawakuona tatizo.

Tusiwaonee lakini. Walikuwa na hoja. Stata ya umeme haikuwa jambo jipya: magari ya Cadillac yalikuwa nayo tangu 1912, kazi ya Charles Kettering, baada ya hendeli za kuzungusha kwa mkono kuvunja mikono ya watu wengi. Kampuni ya Indian ya Marekani ilijaribu kuiweka kwenye pikipiki mwaka wa 1914. Betri za wakati huo ziliishiwa nguvu haraka, mradi ukafa. Pikipiki ina nafasi ndogo, haiwezi kubeba betri ya gari, na mtikisiko wa injini unaiharibu betri yenyewe. Kwa hivyo Waingereza, Triumph, BSA, Norton, waliposema kwamba selfu ni uzito na gharama, hawakuwa wajinga. Harley-Davidson yenyewe ilifikia selfu kwenye mashine yake kubwa mwaka wa 1965, na pikipiki ikawa nzito zaidi.

Kosa la Waingereza lilikuwa kuona Japan inaleta vipikipiki vidogo na kutulia. Edward Turner, mbunifu mkuu wa Triumph, alizuru viwanda vya Japan mwaka wa 1960 akarudi na wasiwasi mkubwa. Nyumbani hawakushtuka vya kutosha. Mwaka uliofuata Honda alishinda mbio za Isle of Man katika 125cc na 250cc, miaka saba tu baada ya kutangaza kwa wafanyakazi wake kwamba wataenda huko, wakati huo akiwa na kampuni yenye madeni. Wengi walidhani ni ndoto za mchana.

Kisha mwaka wa 1969 ikafika CB750 madukani. Silinda nne zimepangwa upande kwa upande, 736cc, breki ya diski mbele, kasi ya karibu kilomita 200 kwa saa. Na kitufe. Mtu wa kilo 50 angeweza kukaa juu ya moja ya pikipiki zenye nguvu zaidi duniani, akaiwasha kwa kidole, hata ikizimika katikati ya jiji. Mwanzoni kampuni ilipanga kuuza takriban 1,500 kwa mwaka. Hesabu hiyo ikageuka kuwa ya mwezi, halafu ikaongezeka maradufu.

Je, ni selfu iliyoua viwanda vya Uingereza? Peke yake, hapana. Zile pikipiki zilivuja oili, mashine za kiwandani zilikuwa za zamani, wasimamizi waligombana. Lakini selfu ilikuwa kitu ambacho mteja angekiona dukani kwa sekunde moja. BSA ilianguka na kumezwa mwaka wa 1973. Norton Commando ilipata selfu mwaka wa 1975, na ilikuwa dhaifu kiasi kwamba wenye nazo walikuwa wanaisaidia kwa kiki. Triumph Bonneville ilisubiri hadi 1980. Wakati huo wateja walikuwa wamezoea kidole gumba.

Usidhani mzee alikuwa mtu wa kupatia tu. Ukaidi uleule uliompeleka Isle of Man ulimfanya ashikilie kwamba injini bora hupozwa kwa hewa, hata ya gari la mbio. Wahandisi wake vijana walimpinga. Alilazimisha. John Surtees, dereva wa timu, alilijaribu lile gari, RA302, akasema halijawa tayari, akakataa kulishindania. Likaingizwa kwenye mbio za Ufaransa kule Rouen tarehe 7 Julai 1968 chini ya Jo Schlesser. Lilitoka barabarani, likagonga ukingo, likalipuka moto. Schlesser akafa pale. Na Honda hakubadilika mara moja. Ubishi wa hewa au maji uliendelea kiwandani hadi Fujisawa akamwuliza kama yeye ni mhandisi au ni rais wa kampuni, achague. Alichagua urais, akawaachia vijana wapoze injini kwa maji. Sijui mtu hulala vipi baada ya jambo kama la Rouen. Mimi ningependa kuamini kwamba lilimfanya asikilize, ingawa alichelewa.

Mwaka wa 1973, mwaka ambao kiwanda cha sukari cha Mumias kilianza kusaga miwa hapa kwetu, Honda na Fujisawa waliachia uongozi pamoja. Alikuwa na miaka 66 na hakuwarithisha watoto kiti. Halafu akafanya jambo ambalo hakuna aliyemtuma: akaanza kuzunguka matawi na viwanda vya kampuni, vya mjini na vya mashambani, kuwashukuru wafanyakazi kwa kuwashika mikono, mmoja mmoja. Inasemekana fundi mmoja aliurudisha mkono wake nyuma kwa sababu ulikuwa na oili, mzee akaushika hivyo hivyo. Ukikumbuka yule mtoto aliyejipaka oili ya gari, utaelewa.

Kitu kimoja kuhusu CB750 nilikuwa nimekiacha. Pembeni, chini ya kiti, ilikuwa pia na kiki. Mtu aliyempa mwendeshaji wa pikipiki kubwa kitufe hakuing'oa pedali. Alijua betri hufa. Ndivyo zilivyo nyingi za pale Shianda hadi leo, kitufe juu na chuma chini. Na yule jamaa anayechekwa, shida yake si uvivu: ukiwa na safari fupi fupi za sokoni, taa za rangi na redio inayopiga siku nzima, injini haipati muda wa kuijaza betri, halafu selfu inavuta umeme mwingi kwa mkupuo mmoja. Apige kiki asubuhi injini ikiwa baridi, selfu aiweke ya mchana na abiria akiwa nyuma. Makanika yeyote wa pale atakwambia hivyo bure.

Soichiro Honda alifariki tarehe 5 Agosti 1991 kwa ugonjwa wa ini, akiwa na miaka 84. Unajua vile boda wa kwetu wakimzika mwenzao: nduthi mia moja, honi, matawi ya miti, barabara ya Mumias inafungwa na ukiwa kwenye matatu unazima tu injini ungoje. Mzee aliacha maagizo kwamba kampuni isimfanyie mazishi makubwa. Alisema mtengenezaji wa magari hana haki ya kusababisha msongamano barabarani.